Mti unaofaa kwa kifyatuo cha mtego wa jiwe

Mtego wa jiwe, ambao kwa mtu aliyepotea porini na kuishiwa chakula ni miongoni mwa iliyo myepesi, una jiwe bapa lililoinamishwa na kifyatuo, yaani vijiti vitatu vilivyochongwa mapengele na kukamatana hadi panya aguse chambo. Mawe kwetu Mwanza hayatafutwi. Mitego mingi tunayoikagua katika mafunzo hushindwa kwa sababu ya vijiti, na mara nyingi kosa haliko kwenye uchongaji bali kwenye mti wenyewe.

Vijiti vinavyobeba uzito viwe vya mti mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka. Mti laini hubonyea pale ncha inapokaa, pengele likakaza, na panya akala chambo chote bila jiwe kutikisika. Mti mbichi ni mbaya zaidi, kwa kuwa utomvu hunata na kijiti hujipinda kadiri kinavyokauka. Kundi moja la wanafunzi wetu lilichonga asubuhi vifyatuo vya mpera mbichi vilivyopendeza kwa macho. Kufikia jioni jiwe mojawapo lilikuwa limeshaanguka lenyewe. Mpera huohuo ukiwa mkavu ni katika miti bora, na watoto wanaoukatia panda za manati hawakukosea. Mkwaju pia unafaa, ila utakula makali ya kisu chako.

Kipime kijiti kwa ukucha: kisibaki na alama. Kisha vunja kipande cha pembeni. Kikiacha nyuzi ndefu zenye ncha, chonga, lakini kikikatika butu kama biskuti, kimeoza. Ondoa gome lote, maana hubanduka na kuteleza. Huku kando ya ziwa, ambako umande wa usiku huufanya mti ufure, chukua matawi yaliyokaukia mtini badala ya yale yaliyolala kwenye mafunjo, na asubuhi ukague mapengele kabla ya kuuamini mtego tena.

Tete kavu linatosha kwa kijiti cha chambo katika mtego mdogo tu, maana halihimili uzito. Mnyaa usiuguse kabisa: utomvu wake mweupe huunguza ngozi na ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya. Mtego wa kitanzi una sharti tofauti, kwani fimbo inayovuta kitanzi lazima iwe mbichi, na mkole unajulikana kwa kupindika bila kuvunjika, ilhali kifyatuo chake hubaki kuwa cha mti mkavu.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, na visiwa vya Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa. Kwa hiyo jizoeze nyumbani kwa tofali badala ya jiwe, ukifyatua kwa ufito mrefu, huku kipande cha gogo kikiwa kimewekwa chini ya tofali ili kuokoa vidole unapotega, na ukimaliza uangushe mtego kabla ya kuondoka, kwa sababu kuku wa jirani naye hudonoa chambo.