Mbona dozi ya kwanza ni ndogo hivi?

Ukitaja kingamwili, zile protini za kinga zinazotengenezwa kuwa dawa, hapa Goma, watu wanawaza Ebola. Wana haki. mAb114, dawa ya kingamwili ya Ebola, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, ikaja kujaribiwa huku kwetu Kivu ya Kaskazini, Beni na Butembo, kuanzia 2018. Basi dada mmoja, ambaye kaka yake amerudiwa na lukemia, saratani ya damu, baada ya kemo, aliniuliza: "Docta, ya Ebola walitundika yote mara moja. Hii ya damu mbona wanapima kama dhahabu?"

Hesabu ziko upande wake. mAb114 ni miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja tu. Mtu wa kilo 60 anapata gramu 3. Blinatumomabu, kingamwili ya lukemia, kwa mtu mzima wa kilo hizo aliyerudiwa na lukemia kali ya seli B (aina ya chembe nyeupe za damu), huanza na mikrogramu 9 kwa siku. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja!

Sababu ni kwamba ya Ebola inashika kirusi, basi. Blinatumomabu ina mikono miwili: mmoja unashika seli B, ziwe mbovu au nzima, mwingine unashika seli T, askari wa mwili wenyewe, na hao ndio wanaoua. Wakiamshwa wengi kwa mpigo wanamwaga sitokini, kemikali za kinga: homa inapanda, presha inaanguka, pumzi inakuwa ya shida, mgonjwa anaweza hata kuchanganyikiwa.

Somo kali lilitoka London, Machi 2006. TGN1412, kingamwili nyingine ya kuamsha seli T, iliyolengwa pia kwa aina moja ya lukemia, walipewa wanaume 6 wenye afya, mmoja baada ya mwingine kwa dakika chache tu. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile ambayo wanyama waliivumilia. Wote 6 waliishia chumba cha wagonjwa mahututi, walinusurika. Tangu hapo, kwa dawa za namna hii, mtu wa kwanza hupewa peke yake, wengine wanangoja. Na dozi ya kuanzia haihesabiwi tena kwa kile mnyama alichovumilia, bali kwa kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuigusa seli ya binadamu.

Kwa kawaida, jaribio la kutafuta dozi linaingiza wagonjwa watatu watatu. Wakivumilia, watatu wengine wanapandishiwa. Mmoja akizidiwa, wanaongezwa watatu kwa dozi ileile. Wakizidiwa wawili, kupanda kunaishia hapo.

Ndugu wa mgonjwa siwafichi: awamu ya kwanza ya majaribio inatafuta dozi, na walio kundi la chini wanaweza kutoka bila faida yoyote. Kwangu mimi, jambo hilo lingeandikwa ukurasa wa kwanza wa karatasi ya ridhaa, si wa kumi.

Hata dawa ikishapita majaribio, kazi ipo. Blinatumomabu inapungua nusu mwilini kwa saa 2 hivi, kwa hiyo pampu inaisukuma usiku na mchana kwa siku 28. Mtu anayefikiria kuileta huku aanze na umeme.

Yule dada nilimwambia, kaka akipata nafasi ya jaribio nje, waulize anaingia kundi la dozi ya ngapi, na waliotangulia iliwafanya nini.