Pembetatu Chini ya Mtungi Si Cheti

Soko la Kibuye, Kisumu, muuza sabuni ya maji alinipindulia mtungi. “Kastoma, ona hii alama ya mishale. Haichafui mazingira.”

Wengi huamini hivyo. Lakini alama hiyo, pembetatu ya mishale yenye namba ndani, ilibuniwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki, ili wachambuaji taka watambue aina ya plastiki: 1 chupa za maji na soda, 2 mitungi kama huo, 6 vibebeo vyeupe vya chakula. Haiahidi kwamba chombo kitachakatwa upya, wala haisemi kimetokana na taka. Mwaka 2013 mishale iliondolewa kwenye kiwango rasmi cha alama hiyo kwa sababu ilipotosha watu. Moldi za zamani za kuundia vyombo bado zinaichapa.

Lebo ya mazingira ninayoiamini ni ile iliyotolewa na mkaguzi asiyeuza sabuni.