Msimu wa pili wa The Wire: wanayosema watu na yaliyomo ndani

Ukimtajia mtu The Wire, tamthilia ya polisi wa Baltimore kule Marekani, hakosekani mjuaji wa kudakia: "Msimu wa pili uruke, ni mambo ya wazungu wa bandarini tu." Ushauri huo umewanyima watu uhondo. Kituo cha televisheni cha HBO kiliirusha tamthilia hiyo kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008, misimu 5 yenye sehemu 60, na huo wa pili, wa sehemu 12, ulitoka mwaka 2003. Ndio msimu unaosemwa vibaya kuliko yote, na wengi wanaousema hawakuumaliza. Nitagusa mpaka mwisho wake, kwa hiyo asiyetaka kusimuliwa aishie hapa.

Dhana: Makuli wa msimu huu ni genge lililowaleta wale wasichana kwenye kontena.

Hadithi inaanza Beadie Russell, askari wa polisi ya bandari, anapofungua kontena na kukuta wasichana 13 wamekufa. Mwenzao mmoja ameshaokotwa majini. Mtazamaji anaona maiti, anaona chama cha makuli kinachopokea hela za magendo, anajumlisha moja na moja.

Hesabu hiyo haitoki. Frank Sobotka, mweka hazina wa chama, alijua anapitisha magendo. Hakujua kwamba ndani kuna watu. Kwake kontena lilikuwa kontena, na kutouliza ndiyo kazi aliyolipwa. Aliyewaua ni mtu wa melini: msichana mmoja aliuawa safarini alipokataa kuuzwa kwa mabaharia, na kwa kuwa wenzake walishuhudia, bomba lao la hewa likazibwa. Sobotka akilijua hilo anawaka kwelikweli, lakini hasira yake haimtoi kwenye lawama, na tamthilia haijaribu kumtoa. Yeye ndiye aliyeuza kule kutouliza.

Na magendo yenyewe yanavyopita ni jambo la kutazamwa kwa makini, maana hakuna ukuta unaorukwa usiku wala bastola. Kontena linashushwa mchana kweupe na kreni ileile inayoshusha mengine yote. Karani wa kuhesabu mizigo, mwenye mashine yake mkononi, haliingizi kwenye kompyuta. Basi. Limesimama pale uwanjani katikati ya maelfu, kila mtu analiona, ila kwa vitabu halipo. Baadaye linatoka getini kwenye lori kama shehena nyingine yoyote. Aliyewahi kusubiri mzigo Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kutafsiriwa hilo. Novemba 2015, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kutembelea bandari ya Dar es Salaam, gumzo la nchi nzima lilikuwa makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi. Kontena ni kubwa kama chumba, lakini kinachopotea kwanza huwa ni mstari mmoja wa maandishi.

Watu pia husahau kuuliza Sobotka alizipeleka wapi hela. Hajajenga, hajanunua gari la maana. Zilikwenda kwa wanasiasa na wapambe wao, ili mfereji wa Chesapeake na Delaware uchimbwe kina na gati la nafaka lifufuliwe, meli ziongezeke, vijana wapate siku za kazi. Mpwa wake, Nick, ana mtoto na mchumba lakini hupata siku chache tu za kazi kwa mwezi, kwa sababu pale kazi hugawiwa kwa ukongwe na wakongwe wenyewe hawatoshelezeki. Kijana wa namna hiyo akianza kuuza unga, mimi simtetei, ila sishangai.

Dhana: Upelelezi ulianzishwa kwa ajili ya hao marehemu.

Laiti! Ulianza kwa sababu ya dirisha la kanisa. Chama cha makuli kilitoa dirisha la vioo vya rangi kwenye kanisa lao la Kikatoliki, wakamtangulia Meja Valchek, mkubwa wa polisi wa wilaya hiyo, aliyekuwa na dirisha lake la kupeleka palepale. Valchek ni Mmarekani wa asili ya Poland kama Sobotka, na wivu wa ndugu mnaujua. Akajiuliza makuli wanaolalamika hawana meli wametoa wapi hela za dirisha kama lile. Swali zuri kabisa, lililoulizwa kwa nia mbaya kabisa.

Wale wasichana, kwa upande wao, hakuna aliyewataka. Kesi 14 za mauaji zisizo na mshukiwa, za marehemu wasio na majina, ni doa kwenye takwimu za mwaka, kwa hiyo kila idara inasukumia nyingine. Anayezirudisha jijini ni McNulty, mpelelezi aliyehamishiwa boti ya polisi kwa adhabu. Anakaa na chati za maji kujaa na kupwa kuthibitisha kwamba vifo vilitokea ndani ya mipaka ya Baltimore. Ungedhani ni huruma. Sehemu kubwa ni kumkomoa mkubwa wake wa zamani, Rawls. Ukishaona hivyo, huwezi tena kutazama tamthilia za polisi wanaokesha kwa ajili ya haki bila kutabasamu.

Dhana: Msimu huu uliwatupa weusi ili kuwafurahisha watazamaji weupe.

Genge la Barksdale, wauza unga weusi wa msimu wa kwanza, halikuondoka, lipo tangu sehemu ya kwanza, na Stringer Bell, mkubwa wa pili wa genge hilo, ana shughuli nyingi kuliko awali. Ndani ya chama cha makuli wamo weusi kwa wingi. Kiongozi wao, Nat Coxson, anamkumbusha Sobotka bila kuchoka kwamba zamu yao ya uongozi imefika. Na unga unaouzwa na vijana weusi mitaani unaingilia hapo bandarini. Msimu wa kwanza ulikuonyesha duka la reja reja, huu ukakupeleka kwa muuzaji wa jumla.

Dhana: Polisi wa Marekani wanaweza kumsikiliza yeyote simuni.

Hii inatokana na jina lenyewe la tamthilia, waya wa kunasa simu. Ila angalia inachukua muda gani kabla waya haujawekwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inataka jaji aridhike kwamba njia za kawaida zimejaribiwa zikashindwa au hazitafaa, na kibali chake hakizidi siku 30 bila kuombwa upya. Tena msikilizaji anatakiwa kuacha kusikiliza mazungumzo yakiwa hayahusiani na kesi. Ndiyo maana unawaona wakibishana juu ya nani aliyeinua simu, na kuandika, na kuandika tena. Ed Burns, aliyeitunga tamthilia hii pamoja na David Simon, alikuwa mpelelezi wa mauaji Baltimore kabla ya kwenda kufundisha shule, kwa hiyo karatasi hizo alizijaza mwenyewe.

Dhana: Ni kisa cha kweli kilichobadilishwa majina.

Ni ushonaji wa viraka. Simon alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la The Baltimore Sun, na alichukua kipande hapa, kipande pale. Chama cha makuli cha kwenye tamthilia ni cha kubuni, wenzao wa kweli wamo katika chama kiitwacho International Longshoremen's Association. Kwa upande mwingine, Jay Landsman ni jina la mpelelezi wa kweli, akalipewa mhusika aliyeigizwa na mtu mwingine, na Landsman halisi akaja kuigiza polisi mwenye jina jingine. Melvin Williams, mfanyabiashara wa unga ambaye Burns alishiriki kumkamata mwaka 1984, alirudi kwenye tamthilia kama shemasi wa kanisa. Usijaribu kuchora mistari ya nani ni nani, utachanganyikiwa.

Mengine ni ya kupitia mbiombio. Yule mkuu wa magendo anayeitwa Mgiriki si Mgiriki, anakiri mwenyewe mwishoni. Idris Elba, yule Stringer Bell, si Mmarekani: alizaliwa London kwa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, na mwaka 2024 serikali ya Zanzibar ilitangaza kumpa ardhi ya karibu hekta 80 kwa ajili ya studio ya filamu. McNulty naye, Dominic West, ni Mwingereza. Na wanaosema tamthilia hii ilizoa tuzo za Emmy, haikupata hata moja. Iliteuliwa mara mbili, zote kwa uandishi.

Dhana: Bandari ya Baltimore ilikufa, kama alivyohofia Sobotka.

Hapa ndipo hofu ya Sobotka huchukuliwa kama taarifa ya habari. Bandari ipo. Kwa miaka mingi imekuwa mstari wa mbele Marekani katika kupokea magari na mitambo mizito, na mwaka 2013 ilianza kutumia gati la kina cha futi 50 kwa meli kubwa zaidi za kontena. Kilichopungua ni mikono. Malcom McLean, mwanzilishi wa usafirishaji kwa kontena, alipopakia makontena 58 kwenye meli Ideal-X mwaka 1956, kutoka Newark kwenda Houston, gharama ya kupakia tani moja ilishuka kutoka dola 5.86 hadi senti 16 hivi. Tofauti hiyo ilikuwa mishahara ya watu. Kuna onyesho msimuni Sobotka anakaa mbele ya video ya bandari ya Rotterdam, mashine zinabeba makontena bila dereva, na anayeionyesha anasifia jinsi ajali zinavyopungua. Bila shaka zinapungua, nani wa kuumia? Chris Bauer, anayemwigiza Sobotka, anaigiza pale kwa uso tu, na kwangu huo ndio wakati bora wa msimu mzima, kupita hata kifo cha Sobotka.

Gati la nafaka alilolipigania linaishia kuwa mradi wa nyumba za kifahari, na hilo halikuwa chumvi ya watunzi. Huko Locust Point ghala la nafaka la miaka ya 1920 kweli limegeuzwa nyumba za matajiri, linaitwa Silo Point. Bethlehem Steel, kampuni iliyokuwa na kiwanda kikubwa cha chuma upande wa Sparrows Point, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2001, na kiwanda chenyewe kikafungwa mwaka 2012. Sasa uwanja wake una maghala ya bidhaa.

Ukirudia kuutazama msimu huu leo, nyuma ya kreni utaliona daraja refu la chuma, Francis Scott Key, lililofunguliwa mwaka 1977. Halipo tena. Machi 26, 2024, saa saba na dakika 28 usiku, meli ya kontena Dali ilizimika umeme ikitoka bandarini, ikagonga nguzo na daraja likaanguka mtoni. Polisi walikuwa wamewahi kuyazuia magari. Waliobaki juu walikuwa wafanyakazi wa zamu ya usiku, wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, wanaziba mashimo ya barabara. Sita kati yao walikufa.