Napoli, mji uliojengwa kwa majivu

Watu wakijua kwamba nimesomea volkano, swali lao la kwanza kuhusu Napoli huwa ni lilelile: kwa nini watu wanakubali kuishi pale? Mchaga wa Marangu hawezi kuuliza hivyo, kwa sababu kahawa na migomba yake imeota juu ya udongo wa namna hiyohiyo. Kwa wengine wote, jibu langu huanzia kwenye jiwe.

Napoli ni mji wa tatu kwa ukubwa Italia, nyuma ya Roma na Milano. Una wakazi 900,000 hivi, nao ndio makao makuu ya mkoa wa Campania wenye watu zaidi ya milioni 5. Waliouanzisha ni Wagiriki, wakauita Neapolis, yaani Mji Mpya. Kwa karne nyingi ulikuwa mji mkuu wa ufalme, hadi Italia ilipoungana mwaka 1861. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1224. Hayo utayapata popote.

Mgeni huonyeshwa Vesuvio upande wa mashariki, mlima wa mita 1,281 uliofukia mji wa Kirumi wa Pompeii mwaka 79 na kulipuka mara ya mwisho mwaka 1944. Ni wachache wanaoonyeshwa upande wa magharibi, na huko ndiko moyo wangu uliko. Huko kuna Campi Flegrei, volkano isiyo na kilele. Ni bonde pana la kilomita zaidi ya kumi, nusu yake iko chini ya bahari, na limejaa nyumba. Hata mtaa wa Fuorigrotta, wenye uwanja wa Maradona, umo ndani ya bonde hilo.

Miaka kama 15,000 iliyopita, volkano hiyo ilimwaga majivu mengi mno. Majivu yakashikana, yakawa jiwe la rangi ya manjano ambalo wenyeji huliita tufo. Mara ya kwanza nilipolishika nililikwaruza kwa ukucha, na unga ukabaki kidoleni. Ni jiwe jepesi, lililojaa vipande vya mawe-povu, na hukatika kwa sululu bila taabu. Mjini Napoli mtu alichimba jiwe chini ya kiwanja chake, akajenga nyumba juu, kisha lile shimo akaligeuza birika la maji. Ndiyo maana chini ya barabara kuna mji wa pili wa mapango na mifereji. Maji yake yalinywewa hadi kipindupindu cha mwaka 1884 kilipoua maelfu, mwaka uliofuata ukafunguliwa mfereji mpya kutoka chemchemi za Serino. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, familia zilijificha humohumo mabomu yakianguka.

Majivu hayohayo ndiyo yaliyowapa Warumi zege lao. Waliyachanganya na chokaa wakapata saruji inayoganda hata ndani ya maji ya bahari, na jina la majivu hayo, pozolana, limetoka mji wa Pozzuoli ulio ndani ya Campi Flegrei. Mashambani, udongo wa Vesuvio huzaa zabibu, aprikoti na zile nyanya ndogo zinazofungwa vichala na kutundikwa ukutani ili ziliwe hadi baridi ipite. Nyati wa maji, ambao maziwa yao hutengenezwa jibini la mozzarella, wao wako kwenye nyanda za chini za Caserta na Salerno.

Ukifika Pozzuoli, usiondoke bila kuziona nguzo tatu za marumaru zilizosimama kwenye magofu ya soko la Kirumi. Chini ni laini. Juu kidogo ya mita 3 unaanza ukanda wa vitundu vingi, kila kimoja kinaweza kumeza ncha ya kidole. Vimetobolewa na kome wa baharini. Maana yake ni kwamba soko lile lilizama baharini likiwa wima, nguzo zikafunikwa na maji kupita kimo cha mtu, kisha ardhi ikainuka tena taratibu. Ardhi ya Pozzuoli hupumua hivyo, kwa msukumo wa magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, na maji ya moto yaliyo chini yake. Mwaka 1538 ilipasuka, na kwa siku chache tu mlima mpya ukaota: Monte Nuovo. Kati ya 1982 na 1984 ilipanda mita 1.8 hivi, watu kama 40,000 wakahamishwa.

Tangu 2005 inapanda tena, na sasa imepita mita moja. Wataalamu wa Osservatorio Vesuviano, kituo cha kwanza duniani cha kuchunguza volkano, kilichoanzishwa 1841, huipima usiku na mchana. Wavuvi hawahitaji mitambo. Kwenye gati dogo la Pozzuoli maji yamekimbia, na yakikupwa, mitumbwi iliyokuwa ikielea inalala ubavu juu ya tope.