Kafyu, karantini na watu wa chini: tunayodhani na yaliyotokea

Kuna maneno bado nayasikia kila tukianza kuongelea Korona ya 2020 hapa Kenya, na yananiuma kwa sababu tukiyaacha hivi hivi ndiyo hayo hayo tutayatumia tena ugonjwa mwingine ukiingia.

"Korona haikuchagua tajiri wala maskini, wote tuliumia sawa"

Kirusi sawa, hakichagui, lakini masharti yalichagua. Kaa nyumbani friji imejaa na mshahara unaingia benki, hilo ni jambo moja, kaa nyumbani mko saba chumba kimoja, choo mnatumia ploti nzima na kibarua chako ni cha kulipwa kwa siku, hilo ni jambo lingine kabisa. Tuliambiwa tunawe mikono kila saa na kuna watu maji wananunua kwa mtungi, mama anasimama hapo anapiga hesabu mtungi huu niupikie ama tuunawie. Halafu tarehe 4 Mei 2020, msimu wa mvua, kafyu iko, yaani marufuku ya kutoka nje usiku, matingatinga yakaingia Kariobangi North kule Nairobi yakabomoa nyumba za watu na amri ya korti ya kusimamisha ilikuwepo, watu wanaokadiriwa kuwa 8,000 wakabaki nje. Sasa unamwambia mtu akae nyumbani, nyumba gani?

"Wakati wa janga haki zinasimama kwanza, tupone ndiyo tudai"

Hapana. Kenya haikutangaza hali ya hatari 2020, na hata ingetangaza, Katiba kifungu cha 25 imetaja haki ambazo hazipunguzwi kwa sababu yoyote, mojawapo ni kutoteswa. Nyingine zinaweza kupunguzwa, kweli, lakini kifungu cha 24 kinataka iwe kwa sheria na kwa kiasi kinacholingana na hiyo hatari. Chama cha mawakili LSK kilienda kortini kuhusu kafyu, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikasema kafyu yenyewe ni halali lakini polisi kupiga watu wakiitekeleza ni kinyume cha Katiba. Yaani unaweza kuitaka kafyu na bado ukakataa rungu, na mimi nilikuwa hivyo, niliogopa sana ule ugonjwa, mamangu ana sukari.

"Waliopigwa ni wakaidi"

Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, hapa feri ya Likoni, Mombasa, watu waliokuwa wanakimbilia nyumbani walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa moja ya jioni, saa ya kafyu kuanza, haijafika. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akauawa kwa risasi Kiamaiko, Nairobi, akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Alikuwa kwao, alikuwa ametii.

"Aliyekimbia karantini alikuwa mhalifu"

Hili ndilo watu hulishikilia sana. Mwanzoni karantini ya lazima, yaani kutengwa kwenye kituo, mtu alijilipia mwenyewe, kuanzia kama shilingi 2,000 kwa siku, na siku zilikuwa 14 na zikiongezwa unaongezewa na bili. Kuna waliomaliza siku zao, vipimo vikaonyesha hawana kitu, wakazuiliwa kwa sababu hawajalipa, mpaka Mei serikali ikasema italipia yenyewe. Na juu ya hiyo kuna waliovunja kafyu wakapelekwa karantini, kwa hiyo karantini ikawa adhabu. Wewe ni mama mboga, unakohoa, jirani zako wameona gari la afya likibeba mtu na halijamrudisha, utaenda kupima kweli?

Na hatukuanza na Korona. Mwaka 2010 huko Kapsabet wagonjwa wa TB walipelekwa jela kwa kuacha dawa, hakimu aliamuru miezi 8, jela yenyewe imejaa watu, hewa haitoshi, na TB inasambaa kwa hewa. Walitoka baada ya siku 46 kwa amri ya korti, na 2016 Mahakama Kuu ikasema kumfunga mgonjwa jela kwa sababu hiyo ni kinyume cha Katiba. Miaka minne tu kabla ya Korona!

"Habari zilitangazwa kila siku, hakuna wa kusema hakujua"

Nina jirani fundi viatu, kiziwi, anasoma midomo ya watu, hivyo ndivyo anavyofanya biashara yake siku zote. Maski zilipoanza kwake ni kama mtaa mzima ulinyamaza. Mteja anasimama mbele yake na kiatu mkononi, anaongea, fundi anaangalia kitambaa. Jioni moja amechelewa kufunga, askari kaja nyuma yake kamwamuru asimame, yeye anaendelea kutembea na sanduku lake la nyuzi na sindano, akapigwa mgongoni mpaka akaanguka, nyuzi zikatapakaa barabarani. Kosa lake aliambiwa ni kudharau amri. Binti yake akachukua kipande cha katoni akaandika kwa kalamu ya wino MIMI NI KIZIWI, akatoboa tundu mbili akapitisha uzi wa viatu, na mzee wa watu akawa anakivaa shingoni kila jioni hadi kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021.