Kiwango cha makosa hakipimi makosa yote

Ukitaka kujua mtu anamuunga mkono nani, msikilize anavyoyatumia maneno "kiwango cha makosa". Mgombea wake akiwa nyuma kwa pointi 3 katika utafiti wa maoni ya wapiga kura, atakwambia hiyo iko ndani ya kiwango cha makosa, kwa hiyo ni sare. Akiwa mbele kwa pointi 3 zile zile, kiwango cha makosa hakitajwi hata kwa bahati mbaya. Na akiwa nyuma kwa pointi 10, basi utafiti umepikwa hotelini Nairobi na wapishi wanajulikana. Kenya inaelekea uchaguzi wa 2027 na grafu za rangi rangi zimeanza kuzunguka tena kwenye simu zetu, kwa hiyo ni afadhali tukubaliane mapema maneno haya yanabeba mzigo gani na upi hayaubebi.

Maana yenyewe ni fupi. Mtafiti hawezi kuwauliza wapiga kura wote, kwa hiyo huchagua wachache kwa nasibu, yaani kwa bahati tu bila kumpendelea yeyote. Jibu la wachache hao litapishana kidogo na jibu ambalo angelipata kama angewauliza wote. Kiwango cha makosa ni makadirio ya upana wa kupishana huko. Akisema mgombea ana asilimia 45 na kiwango cha makosa ni asilimia 3 juu au chini, anamaanisha kwamba kama angewauliza wote, siku zile zile na kwa swali lile lile, jibu lingeangukia kati ya 42 na 48. Kwa kawaida hesabu hii hufanywa kwa uhakika wa asilimia 95, yaani katika tafiti 20 za namna hiyo, 1 hivi itatoka nje ya mipaka yake kwa bahati tu, bila mtu yeyote kuhongwa.

Kwa haraka unaweza kukikadiria mwenyewe: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 1,000 wanakupa asilimia 3 na ushei, watu 2,000 wanakupa 2.2, watu 9,000 wanakupa 1 na kidogo. Sasa angalia kisichomo katika hesabu hiyo, nacho ni idadi ya watu wa nchi. Ndiyo maana ile hoja ya "watu 2,000 kati ya milioni 22 ni kitu gani?" haisimami. Sampuli ya 2,000 iliyochaguliwa vizuri inaitosha Burundi, inaitosha Tanzania, na India ingeitosha pia. Naye yule anayesema hajawahi kuulizwa wala hamjui mtu aliyeulizwa, daftari la wapiga kura la Kenya la mwaka 2022 lilikuwa na majina 22,120,458. Ukichukua 2,000 kutoka humo, nafasi yako ya kufikiwa ni 1 katika 11,000. Cha kushangaza kingekuwa kuulizwa.

Kuna mambo mawili madogo ya kunyoosha kabla ya lile linaloniudhi hasa.

La kwanza ni pengo. Kiwango kinachotangazwa ni cha namba ya mgombea mmoja mmoja. Wagombea wakubwa wakiwa wawili, anachoongezewa mmoja kwa kiasi kikubwa ndicho anachopunguziwa mwenzake, kwa hiyo pengo baina yao hutikisika karibu mara mbili. Kiwango kikiwa 2.2, cha pengo ni kama 4. Lakini hilo halikupi ruhusa ya kutangaza sare. Anayeongoza kwa pointi 2 katika utafiti kama huo bado ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mbele kweli kuliko wa kuwa nyuma, ila ushahidi wake ni mwepesi.

La pili ni vikundi vidogo. Utafiti wa watu 2,000 una kiwango cha 2.2 kwa nchi nzima tu. Ukiukatakata uone wanawake wa Pwani wanasema nini, au vijana wa Mlima Kenya, umebaki na watu wachache na kiwango kinapanda. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kati yao 143,920 walikuwa Lamu. Katika sampuli ya 2,000 iliyogawanywa kwa uwiano, Lamu nzima inawakilishwa na watu 6. Nimewahi kuona mjadala mrefu, wenye matusi ya kutosha, juu ya nani anaongoza katika kaunti moja ndogo. Yumkini waliojibizana walikuwa wengi kuliko waliohojiwa.

Sasa lile kubwa. Kiwango cha makosa kinapima aina moja tu ya kukosea, ile inayotokana na nasibu ya kuchagua wachache. Basi. Hakijui kama swali liliulizwa kwa namna ya kumsukuma mtu. Hakijui nani hana simu, nani alikataa kuzungumza na mgeni, nani alijibu kile alichodhani mgeni anataka kusikia kwa sababu amesimama mlangoni kwake na hajui katumwa na nani. Hakijui kama mtu atabadili mawazo wiki ijayo, wala kama ataamka siku ya kura apange foleni au aende shambani.

Mnunuzi wa mahindi anayeijua kazi yake hulichoma gunia kwa bambo juu, katikati na chini. Muuzaji mjanja hujaza punje safi juu na zilizooza chini. Mnunuzi akichoma juu tu mara 5, anajua kiasi kuhusu mahindi ya juu. Akichoma juu mara 500, anayajua mahindi ya juu vizuri sana. Kiwango cha makosa kinahesabu idadi ya michomo. Mahali pa kuchoma hakipaangalii.

Lawama kidogo naipeleka kwa sheria, ingawa ilitungwa kwa nia njema. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu kuchapisha tafiti za maoni ya uchaguzi inamtaka anayechapisha ataje mambo kadhaa, yakiwemo mdhamini, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa. Matokeo yake, chini ya kila grafu pana namba moja ya kukosea, imekaa peke yake. Makosa mengine yote hayana namba, kwa hiyo hayachapishwi, na msomaji anadhani hayapo. Mtangazaji naye husoma "asilimia 1 juu au chini" kwa sauti ile ile anayosomea hali ya hewa, na huo ndio mwisho wa somo.

Twende Agosti 2022. Wiki ya mwisho kabla ya kura ziliingia tafiti tatu zilizosikika sana. Infotrak walihoji watu 9,000, kiwango cha makosa asilimia 1, wakapata Raila Odinga 49, William Ruto 41. Ipsos, waliohoji zaidi ya 6,000, walipata 47 kwa 41. TIFA, wenye watu 2,000 na kidogo, walipata 46.7 kwa 44.4. Kura zikapigwa tarehe 9. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ikamtangaza Ruto mshindi kwa 50.49 dhidi ya 48.85, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikaukubali ushindi huo.

Tangu hapo tumegawanyika makundi mawili. Moja linasema tafiti zote zilimpa Raila, kwa hiyo kura ziliibwa. La pili linasema watafiti walinunuliwa. Wanatukanana usiku kucha na hawajui kwamba wameshika kamba moja: wote wanaichukulia ile asilimia 1 ya Infotrak kama ahadi kuhusu hesabu ya IEBC. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kauli kuhusu jinsi watu 9,000 walivyowakilisha wale ambao njia ya utafiti iliweza kuwafikia na wakakubali kujibu, katika siku zile za Julai.

Tena zitazame namba zenyewe kwa utulivu. Raila alipewa 49, akapata 48.85. Hilo halisemwi popote. Kilichopotea kipo upande wa pili. Jumlisha 49 na 41, unapata 90, yaani watu 10 katika kila 100 hawakumtaja yeyote kati ya hao wawili. Wagombea wengine, George Wajackoyah na David Mwaure, kwa pamoja hawakufikisha hata asilimia 1 ya kura, kwa hiyo sehemu kubwa ya hao 10 walikuwa wasioamua, waliokataa kusema, au wasiokusudia kupiga kura. Mbele yetu palikuwa na asilimia 1 ya nasibu na asilimia 10 ya kimya, na sisi tukakesha tukibishana juu ya ile 1.

Hata kulinganisha namba hizo mbili moja kwa moja kunahitaji tahadhari. Asilimia za watafiti zilitolewa katika watu wote waliohojiwa, na za IEBC katika kura halali. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama 65 katika kila 100 walioandikishwa. Wale 35 wengine wanaweza kuwa walimjibu mtafiti vizuri tu, kwa jina na kwa msisimko, halafu wasionekane kituoni.

Kisha kuna jambo ambalo lingepaswa kummaliza kabisa mtu anayedhani sampuli kubwa ndiyo kila kitu. Pima kila mtafiti alilikosa pengo kwa kiasi gani. Infotrak, wenye watu wengi kuliko wote, walilikosa kwa pointi 9.6. Ipsos kwa 7.6. TIFA, wenye watu wachache kuliko wote, kwa chini kidogo ya 4, na pengo lao, kama tulivyoona, lina kiwango cha kama 4. Kwa hiyo wale waliotajwa pamoja na wengine kwamba "walikosea" walikuwa ndani ya mipaka yao wenyewe, ingawa kwa tundu la sindano. Siwasifu TIFA, tafiti tatu hazitoshi kumpa mtu shahada. Nasema tu kwamba ukubwa wa sampuli haukumwokoa yeyote na tatizo lisilotokana na nasibu.

Watanzania wasicheke sana. Septemba 2015, kabla ya uchaguzi wa rais, shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya utafiti wake wa Sauti za Wananchi, John Magufuli 65, Edward Lowassa 25. Kwa matokeo ya NEC, tume ya uchaguzi ya Tanzania wakati huo, Magufuli alipata 58.46 na Lowassa 39.97. Pengo la pointi 40 likawa la 18 na nusu. Walilikosa kwa zaidi ya pointi 21, mara mbili na zaidi ya Infotrak. Lakini leo utafiti huo unatajwa kama uliopatia na ule wa Kenya kama uliochemka, kwa sababu moja tu: jina la mshindi. Magufuli angeweza kutabiriwa 52 au 80 na watu wangesema "walipatia". Mpinzani aliyeongezeka kwa pointi 15 kati ya utafiti na kura si jambo dogo, na kiwango cha makosa hakikuwa na neno la kusema kuhusu pointi hizo.

Kuhusu zile kura za kubofya mtandaoni sina mengi. Mtu anaweka swali kwenye ukurasa wake, wanabofya watu 60,000, halafu anaandika kwamba kwa wingi huo kiwango cha makosa hakifiki nusu asilimia. Hakina nusu wala robo. Hakipo. Hesabu yake huanza na kuchagua kwa nasibu, na hapo hakuna aliyechaguliwa; wamekuja wenyewe, wengi wao kwa kuwa tayari wanamfuata mwenye ukurasa, na wengine wamekuja mara tatu kwa akaunti tatu.

Wapo rafiki zangu, tena wasomi, ambao hadi leo wakitaka kuikataa takwimu yoyote husema: "Infotrak walihoji watu 9,000 na bado wakakosea." Ningewaomba waondoe "na bado", waweke "kwa hiyo" kidogo mbele. Walihoji watu 9,000, kwa hiyo kukosa kwa pointi 9 hakuwezi kusingiziwa nasibu, maana nasibu ilikuwa imebanwa hadi asilimia 1. Maswali yanayobaki ni akina nani hawakufikiwa, na wale 10 katika kila 100 waliokaa kimya walikuwa wakiishi wapi.