Daktari wa meno naye huumwa: maswali kuhusu shingo, kiuno na vidole

Maswali haya huulizwa sana na madaktari wa meno na wasaidizi wao hapa Mombasa.

Nakaa kutwa nzima, sibebi magunia kama makuli wa Kilindini. Mbona naumwa mwili?

Kwa sababu hutikisiki. Gego la juu la mwisho liko pembeni kabisa: mwanga haufiki, shavu linabana, mate yanajaa. Ili ulione unainama, unapinda shingo, kiwiko kinapanda juu, na unabaki hivyo mpaka umalize kuziba. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikitangulia mbele ya mabega, misuli ya nyuma ya shingo hukivuta muda wote, na kadiri unavyoinama ndivyo mzigo unavyozidi. Misuli iliyokazwa bila kulegezwa hupata damu kidogo, huchoka na kukakamaa. Kuli hutua gunia, wewe hutui.

Mabingwa wote huumia pahali pamoja?

Shingo, mabega na kiuno ni vya wote. Anayetibu mizizi ya jino huongeza kidole gumba, kwa kushika vyuma vyembamba kwa ncha za vidole. Anayekwangua ukoga chini ya fizi huumia kifundo cha mkono, hasa chombo kikiwa butu.

Nianzie wapi kurekebisha?

Kwa mgonjwa. Wengi humlaza nusunusu kwa kumwonea haya, hasa akiwa mtu mzima wa heshima zake, kisha daktari ndiye anayejikunja. Mweleze kwa upole, "Mama, nitakulaza kidogo nione vizuri," umlaze chali ukitibu meno ya juu. Kwa meno ya chini mwinue kiasi. (Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali, mwegemeze upande wa kushoto.) Mwombe ageuze kichwa badala ya wewe kugeuza chako.

Kisha pandisha au shusha kiti mpaka mdomo wake uwe usawa wa viwiko vyako vikiwa vimelegea ubavuni. Stuli yako iwe juu kiasi cha nyonga kuzidi magoti kidogo, nyayo zote zikanyage sakafu. Meno ya juu yatazame kwa kioo. Miwani ya kukuza husaidia sana, lakini ipimwe ukiwa umekaa wima. Ile ya kuagiza tu mtandaoni ikiwa na pembe mbaya itakuinamisha vilevile.

Mgonjwa mmoja akitoka, simama kabla hujamwita mwingine. Rudisha kidevu nyuma, bana mabega nyuma, kunja na kunjua vidole. Anayetoka hospitali ya serikali mchana na kuingia kliniki ya Nyali jioni ndiye anayehitaji hili zaidi, na ndiye asiyelifanya.

Usiku vidole vinakufa ganzi. Ni baridi ya feni?

Si feni. Ikiwa ni gumba, cha shahada na cha kati, huenda neva inayopita kifundoni imebanwa. Vaa kifaa cha kunyoosha kifundo unapolala, acha glavu zinazobana, noa vyombo. Kikifa ganzi kidole kidogo, neva ni nyingine, mara nyingi imebanwa kwenye kiwiko. Kwa vyovyote, pimwa mapema.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi je? Au sindano ya maumivu?

Kukandwa kunatuliza, kandwa. Sindano na vidonge vya diklofenaki si vya kununua duka la dawa kila wiki: huumiza tumbo na figo, na hupandisha presha. Vyote viwili haviondoi sababu.

Mwajiri anahusika?

Ndiyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinganishe vifaa na kazi na mwili wa mfanyakazi. Stuli isiyopanda wala kushuka ni haki yako kuilalamikia, kwa maandishi.

Ni lini nisijitibu tena?

Mkono ukianza kuangusha vyombo, maumivu yakishuka mguuni, au yakikuamsha usiku, nenda hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ukihisi ganzi sehemu za siri, nenda siku hiyohiyo.